Mota ya Kushoto

Wenzangu wa karakana, siku ile mliponikatia keki mliniomba niandike chochote kuhusu kazi kabla sijasahau. Sasa nina wiki sita nyumbani Kimbo. Mgongo unauma, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki vizuri, na kuku wa jirani wameshanizoea mpaka wanaingia jikoni bila hodi. Nitaandika, lakini msitarajie habari za kupanda cheo. Vyeo nilivyopata mnavijua, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia kupata usingizi. Nitaandika habari za mota, na hasa mota moja, kwa sababu nimechoka kuibeba peke yangu.

Niliingia karakana ya Ruiru mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kazi yetu wakati huo ilikuwa pampu za visima virefu, zile zinazoshushwa ndani ya bomba jembamba mpaka zimezama majini kabisa, mota na pampu pamoja. Mimi nilikuwa nimejifunza kusuka mota, yaani kutoa waya wa shaba ulioungua na kusuka mwingine mpya mahali pake. Wanawake pale tulikuwa wawili, na yule mwingine alikuwa wa kupika chai. Wanaume walinitazama asubuhi hiyo kama watu wanaosubiri mvua ipite waendelee na kazi yao.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Rajabu, fundi mkuu wa kuziba maji. Alikuwa mtu wa Majengo, Thika, Mwislamu, mwenye nyanya mmoja wa kutoka Sudan na mwingine Mkamba, na Kikuyu alikisema kuliko mimi Wairimu niliyezaliwa nacho. Mwili mkubwa, maneno machache. Alinipa kopo la grisi akaniambia ndani yake ametia chembe moja ya mchanga, niitafute kwa vidole. Niliitafuta mpaka saa ya chakula. Nilipompelekea chembe mbili, akaniambia moja yake, na ile nyingine ilikuja na mimi kutoka Kimbo. Ndivyo nilivyoandikwa kazi kwake. Barua ya ofisi ilikuja baadaye.

Nyinyi vijana mmezoea vifaa vya kupima kila kitu, kwa hiyo niwaeleze alivyofanya yeye. Mota ya kuzama hufungwa kwa vifuniko viwili, na kila kifuniko kina mfereji mwembamba ambamo pete ya raba hukaa. Mfereji ukiwa na mkwaruzo mdogo tu, maji yatapita hapo, kama si leo basi kesho. Mzee Rajabu alikuwa na kipande cha stokingi ya akina mama, ile nailoni nyepesi ya rangi ya kahawia. Alikivuta taratibu kuzunguka mfereji mzima. Kikinasa mahali, pana mkwaruzo. Kisiponasa, unapaka grisi na kufunga. Akina mama wa sokoni Thika waliomuuzia hizo stokingi walikuwa na maneno yao juu yake, na yeye aliyapokea kwa subira akachagua nyingine.

Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba anayefunga hajikagui. Alichofunga yeye nilikikagua mimi, na nilichofunga mimi alikikagua yeye, hata kama ni cha kurudia mara ya kumi. Majina mawili yaliandikwa kwa chaki kwenye kila mota. Mwanzoni niliona ni dharau, baadaye nikaona ni adabu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna mkulima wa Kalimoni aliyefunga pampu yake kwa kamba ya katani kwa sababu waya wa chuma ulimshinda kwa bei, na pampu ikaanguka kisimani. Tulikaa kwake siku nne tukiivua kwa ndoano, bila kuona kitu, tukisikiliza kamba kwa kiganja tu. Siku ya nne ndoano ikashika. Mkulima akatuchinjia mbuzi, kisha akauliza kama ile kamba ya katani inaweza kutumika tena. Kazi hiyo ilinifundisha kwamba kitu kilichoko chini ya maji hakina haraka na wewe.

Katikati ya miaka hiyo ndipo lori lilipofika kutoka Mombasa likiwa na mota nne ndogo ambazo hatukuwahi kuziona mfano wake. Zilikuwa za nyambizi ndogo ya watu watatu: tufe la chuma nene lenye vidirisha, taa mbele, na mota za kuisukuma zilizofungwa nje, zikiwa zimejazwa mafuta ili bahari isizibonyeze. Wageni fulani walikuwa wamekodi meli, wakaileta nyambizi hiyo kutafuta meli zilizozama wakati wa vita vya pili vya dunia. Mota zao ziliungua, na wakala wao Mombasa akauliza ni nani Kenya hii anajua mota ya kuzama. Wakamwambia aende bara, Ruiru. Tulicheka sana, sisi watu wa kisima kuitwa na bahari.

Nilisuka zote nne. Mzee Rajabu aliziba. Zilifanya kazi, na wageni wakaturudia msimu uliofuata, na uliofuata tena, mpaka wakawa wanatuomba twende wenyewe Mombasa kuzifunga pale pale juu ya meli. Jioni moja kwenye sitaha mwanahistoria wao alitandika karatasi zake mezani, akatueleza meli anayoitafuta. Ilikuwa imebeba askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wakipelekwa vitani Bama, yaani Burma, ikapigwa kombora, ikazama. Walikuwa wamepata umbo lake chini kwa mitambo ya sauti, lakini hawakuwa na hakika ni yenyewe. Hakika ingepatikana kwa kusoma jina lililoandikwa nyuma ya meli. Akalitaja jina hilo.

Mzee Rajabu aliweka spana chini. Akamwomba alirudie. Kisha akaniambia kwa Kikuyu, ili wageni wasisikie, kwamba hiyo ni meli ya baba yake.

Nilikuwa nimefanya naye kazi miaka minne au mitano bila kujua. Baba yake aliondoka Thika yeye akiwa tumboni. Baadaye ikaja karatasi ya serikali yenye jina la meli, ikisema askari huyo hajulikani alipo na anadhaniwa amekufa. Mama yake, Bi Zaituni, alisomewa karatasi hiyo akasema kudhani si kujua. Tangu hapo hakukubali matanga yakaliwe wala hitima isomwe. Wanaume waliokuja kumposa aliwaambia ana mume. Rajabu alipooa, kadi za harusi zilichapishwa zikimtaja baba yake kuwa marehemu, na mama akakaa siku mbili na kalamu akilifuta neno hilo kadi moja baada ya nyingine.

Mwanawe alikuwa na zaidi ya miaka hamsini wakati huo, ndevu zina mvi, na hajawahi kumwombea baba yake dua ya maiti mbele ya mama. Aliniambia mama akifa kabla jambo hilo halijaisha, atawazika wote wawili siku moja, na hajui ataanza na nani. Ndiyo mara pekee niliyomwona akiwa na hofu.

Aliomba ashuke yeye. Rubani, mzungu mwembamba mpole, alimpeleka kwa daktari wao. Presha ilikuwa juu na uzito ulikuwa mkubwa mno. Kiti cha tatu kilihitaji mtu mwepesi, maana mwanahistoria naye hakuwa mdogo. Mimi nilikuwa na kilo hamsini na moja. Rubani akasema isitoshe ingefaa fundi wa mota awepo ndani, kwa kuwa ilikuwa safari ya mwisho ya msimu na hali ya hewa ilikuwa inabadilika. Bi Zaituni alipopigiwa simu dukani kwa jirani, alisema picha za video asiletewe, kwa sababu kwenye video alishaona mtu akiuawa Jumamosi na Jumapili yuko filamu nyingine anaimba. Alitaka mtu anayeijua nyumba yake akaone kwa macho yake mwenyewe. Mimi nilishakula kwake Idi mbili. Basi nikawa mimi.

Nilifunga mota ya kushoto kwa mkono wangu. Mzee Rajabu alikagua mfereji kabla sijaweka pete. Siku hiyo aliuvutia mfereji stokingi mara tatu badala ya moja, pole pole, midomo ikitembea. Kisha tukaandika majina yetu.

Tuliingia majini asubuhi. Nisidanganye, niliogopa, na nilijuta kunywa chai. Kwa dakika chache kulikuwa na buluu, kisha buluu nzito, kisha hakuna rangi tena. Tulianguka tu, mota zikiwa zimezimwa, saa moja na dakika arobaini. Ndani palikuwa na baridi kama alfajiri ya Julai kule kwetu, na pumzi zetu zikawa matone ukutani. Mwanahistoria alisinzia. Mimi nilihesabu mapigo ya saa ya rubani mpaka nikachoka.

Tulipofika chini rubani akawasha mota. Tukasafiri juu ya tope jeupe, na mbele ya taa pakatokea ukuta. Ulikuwa mrefu kuliko ghorofa yoyote ya Ruiru ya wakati ule, una kutu iliyoning'inia kama nywele, na madirisha ya duara yaliyokuwa matupu. Kulikuwa na reli ya chuma iliyopinda, na mlingoti umelala. Mwanahistoria aliamka kabisa, akaniambia nyuma ya meli iko kushoto kwetu, dakika tatu au nne tu. Tukaanza kuufuata ukuta.

Hapo ndipo taa ndogo nyekundu ilipowaka. Mafuta ya mota ya kushoto yalikuwa yakipungua na maji yalikuwa yameanza kuingia. Rubani hakupaaza sauti. Aliniuliza mota hiyo itadumu muda gani. Mbele yetu, kwenye mwanga, kulikuwa na nyaya na kamba nene zinazoning'inia kutoka kwenye meli. Mota ikifa tukiwa katikati yake, nyambizi ingegeukia upande mmoja na kujifunga yenyewe, na kule hakuna wa kuja na ndoano.

Nilijua wanachosubiri kunisikia nikisema. Dakika nne. Pengine mota ile ingeweza. Nimeona mota zenye maji zikizunguka siku nzima, na nimeona nyingine zikifa kabla hujafika kwenye swichi. Nilimfikiria Mzee Rajabu aliyesimama kule juu kwenye sitaha. Nikasema twende juu. Mwanahistoria alifunga macho. Rubani akaachia vyuma vya uzito, na ukuta ule ukashuka mbele ya dirisha langu hadi ukaisha.

Wageni hawakurudi tena. Msimu uliofuata walikwenda bahari nyingine, na mpaka leo sijasikia kama kuna mtu aliyelisoma jina lile. Mota zilirudishwa Ruiru ili tujue kosa lilikuwa nini. Nilifika karakana mapema kuliko wote, nikaifungua ile ya kushoto peke yangu. Pete ya raba ilikuwa nzima. Mfereji ulikuwa laini. Na kati ya pete na mfereji, umelala kama nywele ya mtoto, ulikuwapo uzi mmoja wa nailoni wa rangi ya kahawia.

Nilikaa nao kwenye kidole muda mrefu. Alivuta stokingi mara tatu kwa sababu alikuwa anaitafuta hakika, na mara ya tatu nguo iliyochakaa ikaacha uzi. Uangalifu wake ndio uliotugeuza mlangoni pa baba yake. Ningemwambia vipi? Niliufutia uzi ule kwenye kitambaa, kitambaa nikakichoma, na meneja alipouliza nikasema mimi sikusafisha vizuri. Nikapewa barua ya onyo. Mzee Rajabu aliisoma ikiwa mezani kwangu. Kwa wiki nzima alinisemesha kuhusu spana tu. Sijui aliamini nini. Najua kwamba kuanzia hapo sikumwona tena na stokingi. Alikagua kwa ncha ya kidole, na mimi nikamwiga, na nyinyi mkaniiga mimi bila kuuliza kwa nini.

Ninaandika haya kwa sababu yeye ametangulia mbele ya haki na hayawezi kumuumiza. Wanawe wakisoma, wajue baba yao alikosea kwa sababu ya upendo, na kwamba mimi niliyeficha sikuona njia nyingine. Kuficha huko kumenichosha kuliko kazi yote ya miaka thelathini.

Baada ya wiki ile Bi Zaituni aliagiza aliyeshuka aletwe. Nilikwenda Majengo siku ya Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mwembamba, macho yamefifia kidogo lakini masikio mazima. Mzee Rajabu aliketi karibu na mlango. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, akanishika mkono na hakuuachia.

"Uliona jina?" akaniuliza.

"Sikuona, Bibi."

"Uliona mtu?"

"Sikuona mtu. Niliona ukuta wa meli na madirisha. Sijui ni meli gani."

Nilitaka sana kusema uongo. Ulikuwa mdomoni tayari, na ungekuwa mwepesi. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya wangu.

"Mbona mlirudi?"

"Mota iliingia maji."

"Ilifungwa na nani?"

"Na mimi, Bibi."

Mzee Rajabu akakohoa. "Ilikaguliwa na mimi, mama," akasema. Hakunitazama.

 Nilidhani Bi Zaituni amemaliza nami, na nilikuwa nimekwisha kujiona nikitoka na kurudi Kimbo bila kumsaidia mtu yeyote. Kisha akaanza kusema juu ya mumewe, jinsi alivyoogelea. Alisema mto Chania ukifurika, wakati watu wazima wanasimama kando wakishika vichwa, yeye alijitosa upande huu akatokea ule akicheka. Bahari hakuwahi kuiona maisha yake yote. Alijua tu kwamba meli ilizama, na mumewe alijua maji. Miaka yote hiyo alikuwa akimngoja atokee upande wa pili.

"Wewe ulishuka muda gani mpaka ukafika hiyo meli?"

"Saa moja na dakika arobaini."

"Mkizunguka zunguka?"

"Hapana, Bibi. Tukianguka tu. Moja kwa moja chini."

"Saa moja na dakika arobaini mtu anaanguka." Alimgeukia mwanawe. "Rajabu, nikitoka hapa kwa miguu, muda huo nafika wapi?"

"Karibu ufike Juja, mama."

"Na mwanga upo?"

"Kidogo, kule mwanzo," nikasema. "Baadaye hakuna."

Aliachia mkono wangu. Nje watoto wa jirani walikuwa wakipigana juu ya mpira. Mzee Rajabu alikuwa ameinama kiasi kwamba sikuuona uso wake. Nilikuwa nimemletea mama huyu kitu nilichokiona bure kabisa, muda wa kuanguka, ambao hata kwenye ripoti sikuuandika.

"Basi hata yeye hakutokea," akasema. Kisha akanyanyuka kutoka kwenye kiti chake. "Rajabu, toa viti nje. Tandika mikeka. Mtu aende akamwambie shehe."

Viti vikatolewa. Nilivaa kanga ya kuazima kichwani nikaungana na akina mama waliokuja kuchambua mchele, na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Kabla ya alasiri nyumba ilijaa. Wazee wa Majengo walimshika Rajabu mkono mmoja mmoja wakimpa pole, na yeye, fundi aliyenifundisha namna ya kushika kila kitu, hakujua mikono yake aiweke wapi.

Mama mmoja mpita njia aliona viti vimepangwa uani akasimama kwenye lango. Akauliza nani amefariki.

"Baba yangu," Mzee Rajabu akasema.

Yule mama akampa pole, akamuuliza ni lini.

Akafuta uso kwa kiganja. "Tumepata habari leo."